Mfuko wa madereva: tununue mashine ya mawimbi ya ubongo, au tulipe watu wa kuwasikiliza wenzetu?

Mweka hazina, Uyole

Ndugu zangu, salaam. Wazee shikamooni. Wa Iringa, kamwene.

Naleta jambo hili hapa kabla ya kikao cha Jumamosi kwa sababu fedha ni za wote na naona tumeshagawanyika. Mfuko wetu wa majanga sasa unatosha kufanya jambo moja kubwa. Mwenzetu mmoja amependekeza tununue mashine ya nyurofidibaki, ile ya kuufundisha ubongo, tupange chumba hapa Uyole, iwatibu madereva na matingo waliobaki na kiwewe baada ya ajali. Mimi napinga. Ila sitaki mtu adhani napinga kwa kuwa sijui maumivu yenyewe.

Mdogo wangu aliendesha semi miaka tisa, Tunduma na Dar. Siku moja akiteremka Kitonga, lori lililokuwa mbele yake lilikosa breki. Yeye hakuguswa. Alisimama pembeni salama, akashuka, akaenda kusaidia kuwatoa watu. Huu ni mwaka wa nne. Nenda kwake leo, mwombe shemeji akuonyeshe mashuka: yote yametoboka mahali pamoja, chini upande wa kulia, pale kisigino kinapokanyaga usiku kucha. Anakanyaga breki. Mchana tukiwa stendi, basi likiachia upepo wa breki, ile pssss, anakatisha maneno na jasho linamtiririka shingoni, na hiyo ni Uyole ya mwezi wa saba ambako sisi wengine tumevaa makoti. Kwenye zahanati moja alipewa vidonge vya usingizi, akaambiwa apumzike. Tulipomshauri amwone mtu wa afya ya akili alijibu, "Mnataka kunipeleka Mirembe," na tangu siku hiyo hataki kulisikia.

Kwa hiyo mtu akiniambia kuna mashine, nasikiliza.

Kwa wasioijua: mgonjwa anabandikwa vidude vidogo kichwani kwa jeli. Havimwingizii umeme, vinasoma ule mdogo sana ambao ubongo wenyewe unautoa, ambao daktari Mjerumani, Hans Berger, aliunasa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Kompyuta inaugeuza kuwa mawimbi. Mawimbi yakienda vile mtaalamu alivyopanga, picha kwenye skrini inang'aa au mchezo unasonga. Yakichafuka, picha inafifia. Kikao baada ya kikao ubongo unaishika njia ya kutulia. Na hakuna kusimulia ajali. Naelewa kabisa kwa nini wenzangu wanaipenda kwa hilo.

Pingamizi langu la kwanza ni hesabu. Utafiti unaotajwa sana, wa Bessel van der Kolk na wenzake kule Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuwa na vikao 24, viwili kila wiki. Mashine moja inahudumia mtu mmoja kwa wakati. Tuseme watu sita kwa siku, siku tano: ni nafasi 30 kwa wiki, yaani wagonjwa 15 kwa miezi mitatu, na umeme usikatike hata siku moja. Tena dereva yupi wa masafa anaweza kuwa Uyole mara mbili kila wiki kwa miezi mitatu mfululizo? Atakayeweza ni yule aliyeacha kazi. Aliye barabarani, ambaye bado ana usukani mkononi na abiria nyuma yake, hatapata.

Semeni.

Dereva, Mafinga

Kaka, hesabu yako nimeiona, lakini mimi ndiye niliyekaa kwenye kile kiti.

Nilikwenda Dar, nikafanya vikao 11, hela ikaisha. Jeli inanata kwenye nywele hadi kesho yake. Unaangalia filamu, mandhari tu, bahari na ndege, na filamu inaingia giza. Ukikazana kuirudisha, giza linazidi. Siku tatu za mwanzo nilitoka na hasira. Siku ya nne nilichoka kukazana, nikaachia mabega, picha ikafunguka. Nililia, na sioni aibu kuandika hivyo. Tangu ajali nilikuwa sijauhisi mwili wangu ukiniacha nipumzike hata dakika moja.

Sasa hivi nalala mpaka saa kumi alfajiri. Zamani saa saba usiku nilikuwa nje nazunguka nyumba na tochi, nikiangalia kama matairi yana kabari, na gari lenyewe nilishaliuza.

Na si mimi peke yangu. Walinisimulia habari za wanajeshi wa Marekani waliopigana Vietnam, nikaenda kuitafuta mwenyewe. Mwaka 1991 Eugene Peniston na Paul Kulkosky walitoa matokeo ya watu 29. Waliofunzwa mawimbi walikuwa 15, na wenzao 14 walipewa tiba ya kawaida. Baada ya miezi 30, wale 14 wote walikuwa wamerudiwa na hali. Kwa wale 15, walirudiwa watatu tu. Na huo wa van der Kolk uliouchukulia idadi ya vikao, mbona matokeo yake hukuyasema? Walikuwa watu 52 ambao kiwewe kilishindikana kwa tiba nyingine. Mwishoni, waliobaki na ugonjwa upande wa mashine walikuwa asilimia 27.3, upande wa pili, asilimia 68.2.

Unaposema watu 15 kwa miezi mitatu ni wachache, mimi nilikuwa mmoja.

Muuguzi wa afya ya akili, Iringa

Kaka wa Mafinga, nimefurahi sana kwamba unalala. Naomba hilo libaki juu ya yote nitakayosema, kwa sababu unachohisi mwilini mwako hakuna utafiti wa kukunyang'anya.

Tarakimu zako ni sahihi. Swali langu ni moja: hao asilimia 68.2, upande wa pili, walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanasubiri zamu yao. Wanaendelea na tiba zao za kila siku, lakini hawakukalishwa kwenye kiti, hawakubandikwa kitu, hawakuwa na mtaalamu wa kuwatazama mara mbili kila wiki. Kwa hiyo tunajua kwamba kile kifurushi kizima, yaani kiti, utulivu, mtu mpole pembeni na mawimbi, kinashinda kusubiri. Hatujui mawimbi yenyewe yana sehemu gani katika ushindi huo. Na wa Vietnam walikuwa 29; mimi hapa wodini nimeona watu 29 wakipona na wengine 29 wasipone kwa dawa ileile.

Njia ya kutenganisha ni kuwapa nusu ya watu mashine ya kuigiza: vidude vilevile, skrini ileile, lakini picha haifuati ubongo wao. Kwa wagonjwa wa kukosa usingizi walifanya hivyo. Utafiti wa Manuel Schabus na wenzake, wa Austria, ulitoka mwaka 2017: wagonjwa waliona wanalala vizuri zaidi baada ya mashine ya kweli, na waliona hivyohivyo baada ya ile ya kuigiza. Sisemi kiwewe ni sawa na kukosa usingizi. Nasema tu kwamba ndiyo sababu mwenye mashine asituuzie kama dawa iliyokwisha kuthibitishwa. Hata Marekani, mwaka 2023, kifaa cha namna hii kiitwacho Prism kiliporuhusiwa kwa kiwewe, kiliruhusiwa kiwe nyongeza juu ya tiba nyingine, kisiwe badala yake.

Juu ya vidonge vya yule mdogo wetu: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unakataza kumpa mtu mzima aliyetoka kwenye tukio, ndani ya mwezi wa kwanza, dawa za jamii ya daizepamu ili kumtuliza. Wengi bado wanapewa. Linaniuma, kwa sababu wanaozitoa ni wenzangu na hawana nia mbaya, wana foleni ya watu 80 mlangoni.

Sasa niseme ninachokijua kwa mikono yangu. Tunachukua kamba, tunailaza sakafuni. Mwanzo wa kamba ni siku uliyozaliwa. Kila jambo zuri la maisha yako unaweka ua, kila jambo baya unaweka jiwe. Huku kwetu maua hayasumbui, nimewahi kutumia pareto. Mama mmoja wa huku, kwa ruhusa yake naandika, alishika jiwe la ajali dakika nzima bila kuliweka. Alipoliweka, alishangaa kuona kwamba baada ya jiwe kamba inaendelea. Vikao vinavyofuata unamsindikiza kulisimulia jiwe hilo tangu mwanzo hadi mwisho, na harufu zake na sauti zake, mpaka mwili ukubali kwamba lilitokea siku ile na halitokei leo.

Kule Nakivale, Uganda, Frank Neuner na wenzake waliijaribu kwa wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, matokeo yakatoka mwaka 2008. Vikao sita. Na waliotoa tiba hawakuwa madaktari, walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa. Baada ya miezi tisa, asilimia 70 hawakuwa tena na ugonjwa. Kikundi kingine kilichopewa ushauri nasaha wa kawaida kilifika asilimia 65, na waliofuatiliwa tu bila tiba asilimia 37.

Vikao sita, kamba na mawe. Hiyo dereva anaweza kuimaliza.

Mwanachama, Tunduma

Na mimi niulize kidogo. Tukinunua, nani anaiendesha? Naona mtaalamu ndiye anayepanga mawimbi gani yaongezwe na yapi yapunguzwe. Akipanga vibaya je? Tusije tukanunua gari kabla ya kumpata dereva.

Mama, Mbalizi

Wanangu, nimesoma yote. Mimi si mwanachama, mwanangu ndiye mwanachama, alikuwa tingo wa fuso. Ana miaka 23.

Mnasema kusimulia. Mwanangu hasimulii. Dada, amekuja mtu wa ushauri nyumbani, mtu mzuri, akamwambia "nieleze siku ile," mtoto akaanza kutetemeka meno kama mwenye malaria, akatoka mbio hadi mtoni, tukamtafuta hadi usiku. Tangu siku hiyo akimwona mgeni na daftari anaingia ndani anafunga mlango. Mchungaji naye amejaribu. Anakaa naye tu, hawaongei, wanapukuchua mahindi, na hiyo ndiyo nafuu anayoipata.

Niliposikia kuna mashine ambayo haimuulizi kitu nilimshukuru Mungu. Sasa nasoma mnataka kuiondoa. Huyu wangu mnampeleka wapi?

Muuguzi wa afya ya akili, Iringa

Mama, shikamoo. Pole sana.

Yule ndugu alikosea mlango, si mwanao. Hatuanzi na "nieleze siku ile". Tunaanza na mwili: kupumua, kukanyaga sakafu, kujua uko wapi na leo ni siku gani, hata wiki kadhaa. Mchungaji wako na mahindi yake tayari ameanza.

Pia ipo tiba ya kusogeza macho, aliyoianzisha Francine Shapiro Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980. Mgonjwa analishika tukio kichwani huku macho yakifuata kidole cha mtaalamu kulia na kushoto, na si lazima alieleze kinaga ubaga. Mwongozo ule wa 2013 unaipendekeza kwa kiwewe, pamoja na zile za mazungumzo. Inahitaji mtu aliyefunzwa vizuri na wako wachache, sitakudanganya kwamba yupo pale Mbalizi. Lakini kumfunza mtu kunawezekana, na akifunzwa anakuja na basi hadi nyumbani kwako.

Na kama hizo zote zikigoma kwa mwanao, mimi mwenyewe nitasema ajaribiwe kwenye mashine. Kwa kawaida haiumizi, mradi asimamiwe na mtu anayejua, na wale 52 walikuwa watu wa namna hiyo hasa, waliokuwa wameshindikana.

Mweka hazina, Uyole

Mama, shikamoo. Kwako nilikuwa sijafika, na hoja yangu ya mwanzo ilikuwa na pengo hapo. Nilihesabu nafasi, sikuhesabu mtu asiyeweza kufungua mdomo.

Kaka wa Mafinga, na wewe uko sahihi kwamba nilichukua idadi ya vikao nikaacha matokeo. Haikuwa haki.

Ninachokipeleka Jumamosi sasa ni hiki. Mashine tusiinunue, hapo sijabadilika. Sehemu kubwa ya fedha iwalipie mafunzo watu sita kutoka kwetu wenyewe, wake za madereva wakiwemo, wa njia ya kamba na mawe, chini ya usimamizi wa mtaalamu anayelipwa na si wa kujitolea, maana wa kujitolea tumeona wanavyochoka. Mtu wa saba awe muuguzi wa kanda yetu agharamiwe kujifunza ile ya macho. Fungu linalobaki liwe nauli, malazi na vikao vya mashine huko iliko, kwa mwanachama aliyejaribu njia hizo mbili zikagoma, na kwa kaka wa Mafinga amalizie vikao vyake 13 kama bado anavitaka. Kila mmoja aandikwe: analala saa ngapi kabla, analala saa ngapi baada ya miezi mitatu, na baada ya mwaka. Tukiona mashine inawabeba waliogomewa na yote, mwakani nitakuwa wa kwanza kuomba inunuliwe.

Jana nilimsomea mdogo wangu habari ya kamba. Hakusema kitu. Jioni shemeji alinipigia kwamba ameonekana nyuma ya nyumba na ile kamba ya turubai ya gari, ameinyoosha chini, amekaa pembeni yake. Hajaweka jiwe. Ameweka maua mawili, ya wanawe.

Kikao ni saa nane mchana, ukumbi uleule. Mama wa Mbalizi, wewe si mwanachama lakini naomba uje, na nitakuombea nafasi ya kuzungumza kabla ya kura.