Injini ya dizeli kwenye boti ya tanga inazima baada ya nusu saa, ikipumzika inawaka

MkukuMrefu

Wakuu, naomba msaada. Boti ni ya miaka ya 1980, injini ya ndani ni Yanmar 2GM20 ya silinda mbili, inapozwa moja kwa moja na maji ya bahari. Asubuhi inawaka mara moja na maji yanatoka vizuri kwenye ekzosi. Nikiweka resi kama 2,600 (mizunguko kwa dakika) inakwenda nusu saa hivi, kisha mlio unapanda na kushuka, nguvu inapungua, inazima taratibu. King'ora cha joto hakilii, moshi mweusi hakuna. Nikiiacha dakika kumi inawaka, ila safari hii haidumu. Bahari ikichafuka ndiyo balaa. Filta zote mbili, ya kutenga maji na ya kwenye injini, ni mpya na mafuta hayavuji popote. Fundi anataka kufungua pampu ya nozo, ile inayosukuma dizeli kwa shinikizo kwenda kwenye silinda. Nikubali?

NozoMbili

Usikubali, mkuu, angalau si sasa. Pampu ya nozo ikichoka, mara nyingi injini husumbua kuwaka ikiwa ya moto. Haiponi kwa kupumzishwa dakika kumi. Na kama ingekuwa rafadha iliyoota chaza au ekzosi iliyoziba masizi, ungeona moshi mweusi. Yako inakosa mafuta.

Tangi nyingi za zamani zina bomba la kunyonyea linaloshuka karibu na sakafu ya tangi, na mwisho wake kuna chujio dogo la waya. Maji yakituama chini, vijidudu huota pale yanapokutana na dizeli, na mabaki yao ni tope jeusi linaloteleza kama kamasi. Injini ikinyonya, tope linajibandika kwenye chujio. Ikizima, mvuto unaisha, tope linadondoka, mafuta yanapita tena. Mawimbi yakilitibua, unazima mapema zaidi. Ndiyo maana filta mpya hazikukusaidia: uchafu hata haujafika kwenye filta.

Kabla ya kufungua chochote, litenge tangi. Chukua dumu safi la lita 10 lenye dizeli safi. Chomoa mpira unaoingia kwenye pampu ndogo ya mafuta, ile ya diaframu iliyo ubavuni mwa injini, na badala yake unganisha mpira mpya unaotoka kwenye dumu. Kama mpira wa marejesho unarudi tangini, nao uelekeze kwenye dumu. Dumu likae chini kuliko pampu, usawa wa tangi. Wengi huliweka juu ili mafuta yateremke yenyewe, na hapo pampu dhaifu inaonekana nzima. Toa hewa, funga boti gatini kwa kamba imara, weka gia ya mbele, resi 2,500, saa nzima. Usipime injini ikiwa huru. Bila mzigo inakunywa mafuta kidogo mno, haitaonyesha kitu.

Ikimaliza saa hiyo, tatizo liko kati ya tangi na pampu ndogo. Ikizima, inua dumu juu ya injini urudie: ikipona, pampu ndogo imechoka. Isipopona, ndipo uanze kuangalia filta ya kwenye injini na kuendelea mbele.

Banjo

Niongeze kwenye "mafuta hayavuji popote". Kuanzia tangini hadi pampu ndogo, mafuta yananyonywa. Palipolegea hapatoi dizeli, panaingiza hewa. Unaweza kupangusa kila kiungo kwa kitambaa kikavu usipate hata tone, na bado injini inakula hewa.

Weka kipande cha mpira angavu unaostahimili dizeli, kama sentimita 20, kati ya filta ya kutenga maji na pampu ndogo. Ni cha kupimia tu, usikiache humo, maana hakihimili moto. Viputo vichache mwanzoni si neno. Vikiendelea mfululizo injini ikiwa na mzigo, kuna mahali panavuta hewa. Injini ikizima bila kiputo hata kimoja, ni kuziba.

Hewa ikionekana, anza na kifuniko cha filta ya kutenga maji, hasa kwa kuwa umeibadilisha karibuni. Oringi ya zamani hubaki imeng'ang'ania kwenye mfereji wake na mpya ikawekwa juu yake. Kifuniko kinakaza vizuri tu, lakini hakizibi. Kisha washa za shaba kwenye bolti za banjo, zile zenye tundu la kupitisha mafuta. Weka mpya. Kama huna, zipashe moto hadi ziwe nyekundu, zitumbukize majini, zitalainika tena. Mwisho mipira yenyewe: uliokakamaa hauzibi hata ukikaza klampu mpaka iukate.

TanguLaMbele

Mbona tundu la hewa la tangi halijatajwa? Ni jaribio la nusu dakika. Mlio ukianza kupanda na kushuka, fungua kifuniko cha kujazia mafuta. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na injini ikafufuka, tundu limeziba kwa chumvi au wadudu.

NozoMbili

Kweli, hilo litangulie. Na angalia kijiti cha oili. Kiwango kikiwa kimepanda na oili inanuka dizeli, diaframu ya pampu ndogo huenda imepasuka na inamwaga mafuta kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini. Usiiwashe hivyo, oili nyepesi inakula beringi.

MkukuMrefu

Asanteni sana. Oili iko sawa, kifuniko hakikubadilisha kitu. Kwa dumu imekwenda saa nzima bila kutetereka. Nimechomoa mpira upande wa filta nikapuliza kuelekea tangini kwa pampu ya kujazia upepo dingi (kiboti cha mpira): mwanzo ilikaza, kisha ikaachia ghafla, viputo vikasikika tangini. Nimerudisha kila kitu, ila sasa mfumo umejaa hewa. Napiga stata, haishiki.

NozoMbili

Acha stata kwanza! Funga valvu ya maji ya bahari. Injini isiyowaka haina msukumo wa ekzosi wa kutoa maji nje, lakini pampu ya maji inazunguka bado. Silensa ikijaa, maji yanarudi nyuma hadi kwenye silinda. Kama umeshapiga sana, fungua plagi ya chini ya silensa uyamwage, na uangalie oili. Ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, usiendelee.

Sasa hewa. Legeza skrubu iliyo juu ya filta ya kwenye injini, chezesha kile kiwiko kidogo cha pampu ndogo mpaka dizeli itoke bila povu, kaza ikiwa bado inatoka. Kiwiko kikiwa hakisukumi kitu, kemu ya pampu (kinundu cha ndani ya injini kinachoisukuma) imesimama juu. Zungusha injini kidogo kwa mkono kwenye puli, kitapata nguvu. Fanya vivyo hivyo kwenye skrubu ya pampu ya nozo. Kisha legeza nati za mabomba kwenye nozo zote mbili kwa spana namba 17, nusu mzunguko, resi ifunguliwe mwisho, piga stata sekunde 10 kwa mikupuo hadi dizeli itemwe. Vidole viwe mbali. Kaza, washa. Ikishika tu, fungua valvu ya maji papo hapo. Impela ya mpira iliyo ndani ya pampu ya maji haivumilii kuzunguka kavu.

Banjo

Kupuliza ni dawa ya kukufikisha nyumbani, tope bado limo. Toa bomba la kunyonyea, kata kile chujio ukitupe, kazi yake inafanywa na filta ya kutenga maji. Mdomo wa bomba ubaki kama sentimita 2 juu ya sakafu ya tangi. Kama tangi lina mfuniko wa ukaguzi, nyonya mafuta yote ufute kuta kwa mkono. Dawa ya kuua vijidudu bila kusafisha itakuletea mizoga yao kwenye filta, kwa hiyo safisha kwanza. Kwenye filta ya kutenga maji weka elementi ya maikroni 10, au 30 kwa saa za mwanzo wakati mabaki yanaendelea kutoka. Ya maikroni 2 usiiweke hapo, itaziba upesi na kurudisha ugonjwa uleule, na kazi hiyo ya kuchuja laini ni ya filta ya kwenye injini.