Changping, 260 KK: Zhao wangemwacha Lian Po aendelee kuongoza, Bai Qi angeshinda?

Mleta mada
Wakuu, Wachina wana majemadari wanne wanaowataja pamoja tangu zamani: Bai Qi na Wang Jian wa Qin, Lian Po na Li Mu wa Zhao (Qin na Zhao ni madola mawili ya China ya kale). Nawapambanisha wawili tu, Bai Qi na Lian Po, kwa kuwa walipita uwanja mmoja, Changping, bila kukabiliana.

Kwa kifupi: mwaka 262 KK gavana wa Shangdang, jimbo la dola la Han, alikataa kulikabidhi kwa Qin na kuwapa Zhao miji 17. Qin wakaja na jeshi chini ya Wang He. Kati ya mwezi wa 4 na wa 7 wa 260 KK Lian Po alipoteza ngome mbili na ukuta wa magharibi, kisha akajifungia ndani ya maboma na kukataa kutoka. Mfalme wake akachoka kusubiri. Majasusi wa Qin wakaeneza maneno kwamba Qin wanamwogopa jemadari mwingine wa Zhao, Zhao Kuo, peke yake, naye mfalme akameza chambo, akamweka mahali pa Lian Po. Mwezi wa 9 jeshi la Zhao lilikuwa limekwishwa na Bai Qi, na inasimuliwa watu 400,000 waliosalimu amri waliuawa.

Msimamo wangu: Lian Po angebaki, Qin wangerudi kwao mikono mitupu. Ushindi ule Bai Qi alizawadiwa na mfalme wa Zhao.

Mchangiaji wa 2
Mkuu, umesahau tumbo. Chukulia watu 400,000, kilo moja ya nafaka kwa kila mtu kwa siku. Hizo ni tani 400. Mkokoteni wa ng'ombe ukibeba nusu tani, lazima mikokoteni 800 iingie kambini kila siku. Ikiwa njia ni siku 10 kwenda na 10 kurudi, barabarani iwepo 16,000 kwa wakati mmoja, na wanaoiendesha nao wanakula, ng'ombe nao wanakula. Kutoka Handan, mji mkuu wa Zhao, mzigo huo unavuka milima ya Taihang. Katika vita hivyohivyo Zhao walipiga hodi kwa dola la Qi kuomba nafaka, wakanyimwa.

Kukaa ndani ya boma ni mbinu nzuri kama ghala lako litadumu kuliko la adui. Qin walikuwa na bonde la mto Wei, na nchi ya Shu tangu 316 KK. Mfalme wa Zhao anatukanwa sana, lakini aliyaona maghala.

Mchangiaji wa 3
Kuhusu "kuzawadiwa", tuangalie kazi yenyewe. Kwanza Bai Qi aliletwa kwa siri, Wang He akawa msaidizi wake, na amri ikatoka kwamba atakayetamka jina la jemadari mpya atauawa. Zhao Kuo aliposhambulia, Qin wakarudi nyuma kwa makusudi hadi kwenye maboma yao. Zhao wakafuata, wakagonga ukuta. Hapo ndipo askari 25,000 wakazunguka kuikata njia ya nyuma, na wapanda farasi 5,000 wakajipenyeza kati ya jeshi lililotoka na kambi lilikotoka.

Tazama hiyo 5,000. Ni kikosi kidogo mno mbele ya jeshi lile, lakini kiliwekwa palepale mkate unapopita. Zhao wakagawanyika vipande viwili na nafaka ikasimama. Siku 46 bila chakula, hadi wakaanza kuuana na kulana kwa siri. Zhao Kuo aligawa watu makundi manne ya kuvunja mzingo kwa zamu, ikashindikana, akatoka mwenyewe na wateule wake, akapigwa mshale akafa.

Kumchokoza mjinga atoke nje wengi wanaweza. Kumfungia mlango akishatoka ndiyo kazi.

Mleta mada
Nakubali ufundi, ila hata Qin walikuwa hoi. Mfalme wao alikwenda mwenyewe jimbo la Henei na kuwakusanya wanaume wote wa miaka 15 na zaidi, wakazibe njia ya misaada. Baadaye Bai Qi mwenyewe alisema zaidi ya nusu ya askari wa Qin walikufa na nchi ilibaki tupu. Na ukitaka kujua Qin wanafanyaje mbele ya ukuta usiofunguka, nenda Handan, waliyoizingira 259 hadi 257 KK. Walishindwa. Bai Qi alikataa hata kwenda kuongoza, akavuliwa vyeo, akalazimishwa kujiua.

Mchangiaji wa 4
Naingilia kidogo kuhusu Zhao Kuo. Mama yake alimwomba mfalme asimteue: baba yake alikuwa akipewa zawadi anawagawia maofisa, huyu dhahabu anaificha nyumbani na kutafuta mashamba ya kununua. Cha kuchekesha, Wang Jian alipopewa watu 600,000 kwenda kulivamia dola la Chu, naye aliomba mashamba, akatuma wajumbe mara tano. Yeye alitaka mfalme amwone mzee mwenye tamaa ya ardhi, asije akamshuku anataka kiti.

Halafu hizo 400,000 zilizouawa baada ya kusalimu amri tuzipokee kwa tahadhari. Shimo lililofukuliwa Yonglu, eneo la vita hivyo, mwaka 1995 lilikuwa na watu kama 130, na mifupa mingi ina majeraha, kwa hiyo wengi waliuawa kwanza ndipo wakafukiwa. Mauaji yalikuwepo. Hesabu yake ni jambo jingine.

Mchangiaji wa 2
Hata ukigawa kwa mbili, mkuu, ni mikokoteni 400 kwa siku juu ya Taihang.

Na mleta mada, mfano wako wa Handan unakugeukia. Handan iliokoka kwa sababu madola ya Wei na Chu yalituma majeshi. Changping hakuna dola lililotuma mtu wala gunia. Lian Po ndani ya boma lake alikuwa anamsubiri nani?