Trekta limekwama kwenye theluji: mimi na mwanangu tulitoe kwa njia gani iliyo salama?

Baba Baraka (Iowa, Marekani)

Ndugu zangu, natanguliza salamu. Ninaishi Iowa na familia yangu, ambako nimekodi shamba dogo na kufuga ng'ombe wachache wa nyama. Trekta ninalotumia ni Massey Ferguson 135 la zamani, aina ile ile ambayo wengi wenu mmeiona Arusha, Kitale na Iringa, lenye injini ya dizeli ya silinda tatu na linalosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee. Jana jioni, nilipokuwa nikiwapelekea ng'ombe robota la majani makavu, gurudumu la nyuma la kulia lilitumbukia kwenye mfereji uliokuwa umefunikwa na theluji, hatua chache kutoka langoni. Mwanangu mwenye umri wa miaka 14 alikuwa nami, akifungua na kufunga lango. Giza lilikuwa linaingia na baridi inakaribia nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa hiyo tulilishusha robota, tukazima injini na kurudi nyumbani.

Leo asubuhi nimelikagua. Theluji iliyoyeyuka pale tairi lilipozunguka imeganda usiku kucha, na barafu imelishika tairi hadi usawa wa rimu. Jirani ana pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne, naye amekubali kutusaidia kesho. Ninao mnyororo, na pia kamba nene ya nailoni. Naomba kujua iwapo nianze kwa nguvu ya injini ya trekta lenyewe au nisubiri pikapu, nitumie mnyororo au kamba, na nifunge wapi. Zaidi ya hayo, naomba ushauri kuhusu mwanangu, ambaye ana hamu kubwa ya kusaidia na ndiye msaidizi pekee niliye naye. Mama yake angependa abaki ndani. Mimi naona ni heri ajifunze kazi hii nikiwa pembeni yake kuliko aje kujifunza siku ambayo sitakuwepo.

Fundi Mwakitalu (Minnesota, Marekani)

Baba Baraka, pole sana. Nilitengeneza matrekta ya aina hiyo Mbeya kwa miaka mingi kabla ya kuhamia huku, na lipo jambo moja ninaloliweka mbele ya mengine yote: usiachie klachi kwa gia ya mbele wakati tairi la nyuma limeshikwa na barafu. Tairi likishindwa kuzunguka, nguvu ya injini haipotei, bali inageukia mwili wa trekta, ambao huanza kuzunguka juu ya ekseli. Pua inanyanyuka, na trekta zima linamwangukia dereva kwa nyuma. Mafunzo ya usalama wa matrekta yanayotolewa hapa Marekani yanafundisha kwamba trekta linaweza kufikia hatua ya kutorudi chini kwa muda wa robo tatu ya sekunde, na likawa limepinduka kabisa kwa sekunde moja na nusu, yaani kabla dereva hajatambua kwamba anapaswa kukanyaga klachi tena. Matrekta mengi ya umri huo hayana fremu ya chuma ya kumkinga dereva. Kwa sababu hiyo hiyo, ile mbinu ya kufunga gogo kwenye matairi ya nyuma ili trekta lijikwamue lenyewe, ambayo nimeiona ikitumika kwenye matope ya masika huko nyumbani, nakusihi usiijaribu hata kidogo.

Kazi yenu ya kesho kwa sehemu kubwa ni ya sepetu. Ondoeni theluji mbele na nyuma ya magurudumu yote, kisha muingize sepetu chini ya difu (lile boksi la gia lililo katikati ya magurudumu ya nyuma) na chini ya ekseli ya mbele, maana theluji iliyoshindiliwa chini ya tumbo la trekta hubeba uzito ambao ungepaswa kuyakandamiza matairi ardhini. Watu wengi huisahau sehemu hiyo kwa kuwa haionekani mpaka mtu apige magoti. Barafu iliyolishika tairi ivunjwe kwa sururu, polepole, kuanzia nje kuja ndani, na ncha ya sururu isielekezwe kwenye mpira. Matrekta mengi huku yamejazwa maji ya kalsiamu kloridi ndani ya matairi ya nyuma ili yawe mazito bila kuganda, na maji hayo yakivuja huila rimu kwa kutu. Msimwage maji ya moto, kwa sababu kwenye baridi hiyo yataganda tena na kuwaongezea kazi.

Baada ya kuchimba, mwageni mchanga mkavu au majivu ya kuni kwenye njia yote ya kutokea, si chini ya tairi peke yake. Chumvi ya kawaida msiitegemee, kwa sababu nguvu yake ya kuyeyusha barafu hufifia sana baridi inapozidi nyuzi 10 chini ya sifuri. Mkiweza, litoeni trekta kwa gia ya kurudi nyuma, kwani kwa mwelekeo huo pua hukandamizwa chini badala ya kunyanyuka. Gia iwe ndogo na mafuta yawe kidogo. Kama gurudumu moja linazunguka ovyo na lingine limetulia, simamisha kwanza, kanyaga kufuli ya difu, yaani pedali inayoyafanya magurudumu yote mawili ya nyuma yazunguke pamoja, kwa mguu wa kulia, ndipo uachie klachi taratibu. Na wakati kufuli imeshika usikate kona.

Dereva Mstaafu wa Malori (Mombasa)

Fundi ameeleza vizuri, nami nitaongeza kuhusu kuvuta, kwa kuwa nimeendesha malori kati ya Mombasa na Kampala na nimeona kamba zikikatika. Mnyororo haurefuki unapovutwa; ukivutwa kwa kushtukizwa, mshtuko wote unaishia kwenye pingili moja. Kamba ya nailoni hurefuka na kuhifadhi nguvu, na ikikatika hurudi kwa kasi ambayo jicho haliioni, pamoja na ndoano yoyote iliyofungwa mwishoni. Kwa hiyo msiunganishe mnyororo na kamba ya nailoni, kwa maana hapo mtakuwa mmetengeneza kombeo lenye jiwe la chuma. Kwa trekta lililokwishachimbuliwa vizuri, mimi ningechagua mnyororo mzima usio na pingili iliyopinda, pikapu isogee hadi mnyororo ukaze, kisha ndipo ivute kwa mwendo wa pole. Asiruhusiwe mtu kurudi nyuma na kuruka mbele kwa kasi.

Kwenye trekta, ikiwa mnalivuta kuelekea nyuma, fungeni kwenye kile chuma cha kuvutia kilicho chini kabisa, na kamwe msifunge kwenye ekseli wala kwenye mkono wa juu wa kunyanyulia majembe. Kwenye pikapu, msifunge kwenye ile tufe ya kuvutia trela, kwa sababu haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Imewahi kung'oka na kuua watu. Wekeni koti zito katikati ya mnyororo, na asiyeendesha asimame kando, mbali kwa urefu wa mnyororo mara moja na nusu, asiwe kwenye mstari wa kuvutia wala mbele wala nyuma.

Mama Tumaini (Saskatchewan, Kanada)

Shemeji, naomba niseme kwa niaba ya mama mwenzangu, ingawa katika hili nakubaliana nawe kwamba kijana atoke. Mpe kazi ya utingo, kwa maana yake kamili. Utingo mzuri husimama mahali dereva anapomwona wakati wote, na akinyoosha mkono juu gari linasimama bila maswali. Mkubaliane nyote watatu kabla ya kuanza, na jirani akubali mbele ya mtoto, kwamba mkono wa kijana ukipanda kila mtu anakanyaga breki, hata kama ataonekana amekosea. Kuchimba pia achimbe, lakini injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako.

Kuhusu baridi, idara ya hali ya hewa ya hapa Kanada hutuonya kwamba baridi ya upepo ikifika kati ya 28 na 39 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Nyuzi 20 pamoja na upepo wa uwandani hufika huko bila shida. Mtoto anayechimba hutoka jasho, hufungua koti, na hapo ndipo hatari huanza, kwa hiyo avae nguo ya ndani ya sufi badala ya pamba, na awe na glavu za akiba zilizo kavu. Mtazame masikio na ncha ya pua. Ukiona doa jeupe lililokufa ganzi, aingie ndani, wala usilisugue kwa theluji kama wengine wanavyodhani. Na kama atapumzika ndani ya pikapu inayounguruma, hakikisheni bomba la moshi halijazibwa na theluji, kwa sababu ile hewa ya kaboni monoksidi haina harufu na huingia ndani ya gari polepole.

Baba Baraka

Nawashukuru mno nyote. Trekta limetoka leo kabla ya adhuhuri. Muda mwingi tuliutumia kuchimba, na chini ya difu tulikuta theluji ngumu kiasi cha kuikata kwa sururu. Tulipoanza kuvuta, mwanangu alinyoosha mkono mara tu mnyororo ulipokaza, kwa kuwa aliona ndoano imekaa kwa ncha badala ya kuzama vizuri kwenye pingili. Jirani alisimama papo hapo, tukaifunga upya, na trekta likarudi nyuma polepole juu ya majivu bila matairi kuteleza. Mama yake amesikia habari hiyo kutoka kwa jirani mwenyewe. Sasa kijana anaomba afundishwe kuliendesha. Je, sheria inaruhusu?

Fundi Mwakitalu

Hongera kwake, tena hongera ya dhati. Sheria ya kazi ya Marekani inamkataza kijana wa chini ya miaka 16 aliyeajiriwa shambani kuendesha trekta linalozidi nguvu farasi 20, isipokuwa mwenye miaka 14 au 15 aliyemaliza mafunzo na kupata cheti. Lakini haimzuii mtoto anayefanya kazi kwenye shamba linalomilikiwa au kuendeshwa na mzazi wake. Kwa kuwa wewe ndiye unayeliendesha shamba, ingawa umelikodi, sheria hiyo haikubani. Hata hivyo, mpeleke kwenye mafunzo hayo, na kabla ya hapo funga fremu ya kinga na mkanda wa kiti, ambavyo vinapatikana kwa matrekta mengi ya zamani. Mpime pia: akiegemea kiti kikamilifu, je, mguu wake unaisukuma klachi hadi mwisho? Klachi ya 135 mara nyingi ina hatua mbili na ni nzito. Akiweza, msubiri ardhi ikauke baada ya theluji kwisha, aanzie uwanja tambarare bila kuvuta kitu, yeye peke yake kitini na wewe ukiwa chini kando, kwa sababu trekta hilo lina nafasi ya mtu mmoja tu.