Je, mnyama asiye mgonjwa apewe antibayotiki?

Mleta hoja: Naona wakati umefika wa kupiga marufuku kuwapa antibayotiki mifugo walio wazima, iwe kwa kuwanenepesha au kwa kulikinga kundi zima kabla ugonjwa haujaingia bandani. Watetezi wa desturi hiyo husema kwamba mfugaji akizingatia siku za kusubiri kabla ya kuchinja, nyama huwa salama. Hapo mambo mawili yanachanganywa. Siku za kusubiri huondoa mabaki ya dawa mwilini mwa mnyama. Haziondoi bakteria waliokwisha kuwa sugu, ambao hubaki utumboni, huweza kuchafua nyama machinjioni, na hutoka pamoja na samadi hadi mashambani na kwenye maji.

Kinachonitia hofu zaidi ni kolistini, dawa ya zamani inayoweza kudhuru figo, ambayo madaktari waliiweka kando kisha wakairudia kama kimbilio la mwisho kwa wagonjwa walioshindikana kwa dawa nyingine. Mwaka 2015 watafiti nchini China walitangaza kwamba wamepata jeni ya mcr-1, inayowapa bakteria usugu dhidi ya dawa hiyo, kwa nguruwe, kwenye nyama mbichi na kwa wagonjwa. Jeni hiyo hubebwa na plazimidi, yaani kipande cha DNA ambacho bakteria humpa mwenzake, hata wa spishi nyingine. China iliacha kutumia kolistini kama kichocheo cha ukuaji mwaka 2017, lakini kufikia hapo jeni ilikuwa imekwisha kuonekana katika mabara kadhaa.

Mchangiaji: Ndugu mleta hoja, nyama ikiiva vizuri bakteria hufa, wawe sugu au wasiwe. Tena Denmark ilipoacha vichocheo vya ukuaji, nguruwe wachanga walioachishwa kunyonya waliharisha zaidi, na dawa za kuwatibu zikaongezeka. Mfugaji asiye na daktari wa mifugo karibu afanye nini, asubiri banda zima liugue?

Mleta hoja: Ni kweli kwamba moto huua bakteria, lakini hauwafikii wale waliobaki kwenye kisu, kwenye ubao wa kukatia na mikononi mwa mhudumu wa banda. Kuhusu Denmark, dawa za tiba ziliongezeka kama ulivyosema, ila jumla ya antibayotiki zilizotumika kwa mifugo ilibaki chini sana kuliko kabla ya marufuku, na uzalishaji wa nguruwe haukuanguka. Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi tarehe 28 Januari 2022, ukazuia kinga ya kundi zima kwa antibayotiki na kuacha mlango mwembamba kwa mnyama mmoja mmoja katika hali za pekee.

Swali lako la daktari ndilo zito, na ninakubali kwamba marufuku isiyoambatana na chanjo, mabanda yasiyosongamana na huduma ya mifugo iliyo karibu itamwonea mfugaji mdogo. Kwa hiyo narekebisha hoja yangu: dawa ambazo hospitali hazina mbadala wake, kolistini ikiwa ya kwanza, zizuiwe mara moja, na nyingine zifuate kadiri huduma hizo zinavyomfikia mfugaji.