Baba ameugua nimonia mara mbili: atembee au apumzike?

Binti wa Langoni

Asalaam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri, hasa kwa mliosomea mambo ya afya na mliowahi kuuguza wazee.

Baba yangu ana miaka 64, ni mchonga milango hapa Lamu. Tangu ujana wake yuko karakanani, patasi mkononi, kutwa ameinamia ubao. Mwaka huu nimonia imemshika mara mbili. Mara ya pili alilazwa na kuwekewa oksijeni. Sasa yuko nyumbani, dawa amemaliza, homa hana, lakini akipanda ngazi za kwetu husimama katikati, akashika ukuta, akavuta pumzi, ndipo amalizie. Siku ya kuruhusiwa, daktari alimwambia aanze kutembea kila siku ili mwili upate nguvu na maradhi yasimrudie.

Hapo ndipo tulipogawanyika. Bibi anasema kifua kilichougua hakitaki upepo, na sasa ni kusi, asubuhi kuna baridi. Anataka baba akae ndani, ajifunike, anywe tangawizi. Mdogo wangu, mchezaji mpira, anataka kumwamsha alfajiri wakakimbie mchangani Shela. Baba mwenyewe amenyamaza, anatusikiliza tu.

Je, ni kweli mazoezi humkinga mtu na maradhi ya mapafu? Na kwa aliyetoka kulazwa, yaanze vipi? Naogopa sana mara ya tatu.

Mama Saada

Waaleikum salaam mwanangu. Poleni, Mungu amjaalie afya. Bibi yenu msimbeze, ameona wengi wakiondoka kwa kichomi. Ila nilipomuuguza mume wangu, kulala sana ndiko kulikotutesa. Belghamu lilimganda kifuani. Alipoanza kukaa kitako na kuzunguka uani ndipo lilipolegea, akakohoa likatoka. Tangawizi apewe, na kutembea asinyimwe.

Tabibu wa Pwani

Dada yangu, pole. Nafanya kazi wodini na wagonjwa wa kifua nawaona kila siku, kwa hiyo niruhusu niandike kwa urefu kidogo.

Swali lako la kwanza: ndiyo, na ushahidi upo. Mwaka 2022 watafiti walikusanya tafiti 10 zilizofuatilia watu zaidi ya milioni 1 kwa miaka. Wale wenye kuushughulisha mwili zaidi walipata nimonia kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 31 kuliko wale wasiojishughulisha. Sehemu ya tofauti hiyo huenda inatokana na kwamba mtu dhaifu hatembei sana tangu mwanzo. Hata hivyo tafiti nyingine zinaelekea huko huko. Wakati wa korona, Marekani walichunguza wagonjwa 48,440 na kukuta kwamba waliokuwa wakikaa tu kabla ya kuugua walilazwa kwa wingi zaidi ya mara mbili wakilinganishwa na waliozoea mazoezi ya dakika 150 au zaidi kwa wiki.

Kinachotendeka mwilini ni hiki. Chembe nyeupe nyingi za damu huwa zimetulia kwenye kuta za mishipa na katika wengu, mfano wa mashua zilizotia nanga. Ukitembea kwa haraka, moyo ukapiga kwa nguvu, damu huzing'oa zikazunguka. Baada ya saa chache idadi yake katika damu hurudi kama kawaida. Nyingi huwa zimeelekea kwenye viungo kama mapafu, ambako vimelea hupenda kuingilia. Faida ya siku moja ni ndogo na hupita, ndiyo maana neno la daktari la "kila siku" lina uzito. Mtu akizoea, kuna na mengine: sukari ya damu hushuka, uvimbe ule wa ndani usioonekana hupungua, misuli ya kupumulia inakaza, na kikohozi kinakuwa na nguvu ya kutoa uchafu.

Sasa tahadhari. Mazoezi hujenga kinga kabla ya maradhi, hayatibu nimonia iliyokwisha kuingia. Akiwa na homa, maumivu ya kifua au belghamu la rangi linaloongezeka, apumzike na arudi hospitalini. Kumchosha mtu mwenye homa ni hatari hata kwa moyo.

Kwa hali yake ya sasa, aanze ndani ya nyumba: dakika chache, mara kadhaa kwa siku, kwenye sakafu tambarare kabla ya ngazi. Akizoea aongeze kidogo kidogo. Kipimo ni mdomo wake: aweze kuzungumza nawe bila kukatika, ila kaswida imshinde. Akishindwa hata kuzungumza, amepitiliza. Akiona kizunguzungu, kifua kikibana, midomo ikigeuka rangi, au akipumzika dakika 10 na pumzi isitulie, aache na aonwe.

Msimharakishe. Mwongozo wa Uingereza huwaambia wagonjwa kuwa kikohozi na kukosa pumzi hupungua sana kufikia wiki ya 6, uchovu unaweza kufika miezi 3, na wengi hurudi katika hali yao kamili kwa miezi 6.

Lakini kuna jambo linanishughulisha zaidi ya mazoezi. Nimonia mara mbili kwa mwaka mmoja lazima itafutiwe sababu. Je, amepimwa kifua kikuu? Sukari? Virusi vya UKIMWI? Amepigwa picha ya kifua ya kurudia? Anavuta sigara?

Kijana wa Mkomani

Naungana na mdogo wako. Mwanamichezo haugui hovyo. Mzee akimbie jasho limtoke, maradhi yatakimbia pia.

Tabibu wa Pwani

Hapana, ndugu yangu, si kwa mzee aliyetoka kwenye oksijeni. Hata vijana wenye afya zao wapo waliochunguzwa: baada ya mbio za marathoni za Los Angeles mwaka 1987, asilimia 12.9 ya wakimbiaji walisema wameugua mafua na koo katika wiki iliyofuata, na wakimbiaji wenzao waliojiandaa lakini hawakushiriki walikuwa asilimia 2.2 tu. Wataalamu wengine baadaye wamesema huenda kosa si mbio zenyewe, ni msongamano, safari na usingizi uliopungua. Vyovyote iwavyo, kwa baba huyu kutembea kunatosha. Mdogo mtu afuatane naye, na mwendo autoe baba.

Binti wa Langoni

Ahsanteni sana. Sigara hajawahi. Makohozi yalipimwa, kifua kikuu hakikuonekana, na virusi hana. Sukari sikumbuki kama waliipima, na picha ya pili hajapigwa. Anauliza kama anaweza kurudi karakanani, maana kuna mlango wa mtu haujaisha.

Seremala wa Matondoni

Dada, hapo mimi ndipo ninapopajua. Kuchonga kwa patasi hakutoi vumbi jingi, hutoa vipande. Adui ni msasa, hasa wa mwisho ule laini, na mashine ya kusugulia. Vumbi lake huwezi kuliona mpaka mwanga wa dirishani ulipitie. Huingia ndani kabisa, nalo hubakia hewani hata ukishaweka msasa chini. Mwambie achonge tu, kusugua afanye kijana, nje, upande upepo unakoelekea. Sakafu wasiifagie kavu: wainyunyizie maji kwanza. Barakoa iwe ile nzito inayobana puani, leso haizuii kitu. Na hata kuchonga asubiri pumzi imrudie.

Mama Saada

Na mkaa mwanangu, mnapikia wapi? Baba asikae karibu na jiko.

Tabibu wa Pwani

Mama Saada amesema kweli, moshi huharibu vinyweleo vinavyosukuma uchafu nje ya njia ya hewa. Dada, mpeleke apimwe sukari wiki hii, akiwa hajala. Sukari ikiwa juu bila kujulikana, mazoezi peke yake hayatamkinga. Na kwa umri wake picha ya kifua irudiwe baada ya wiki 6 hivi. Uliza pia kuhusu chanjo ya homa ya mafua na ya nimokoka (bakteria wanaoleta nimonia) kwa watu wazima, kama zipo hapo karibu.

Kwa bibi: upepo hauleti nimonia, huletwa na vimelea, navyo hupita kirahisi kwenye chumba kilichofungwa chenye mtu anayekohoa. Lakini shali na fulana nzito ni ushauri mwema, baba avae.

Binti wa Langoni

Nimemsomea bibi, amekubali kwa sharti la shali. Kesho asubuhi tunaenda kupima sukari. Akishapata nguvu ya kutoka nje, mnaona apite wapi? Vichochoro vyetu vina punda na pikipiki zimezidi.

Nahodha wa Shela

Apite ufukoni, baada ya jua kuchomoza. Msimu huu aelekee upande wa Shela kwanza: upepo atakutana nao usoni bado ana nguvu, na akigeuka utamsukuma mgongoni. Asilenge kufika. Achague mahali pa kugeukia kabla hajachoka, na aangalie maji, yakijaa sana kuna sehemu atalowa miguu.