Tumejengewa mtaro unaomwaga pampasi kwenye maji ya kunywa

Wakuu, nina hasira, mkikuta nimekosea kuandika nivumilieni.

Naishi kamji kadogo chini ya milima ya Uluguru. Mwaka jana tukaletewa mtaro wa zege kutoka stendi hadi bondeni. Siku ya uzinduzi turubai, soda, hotuba. Sawa, stendi haijai maji tena, hilo siwanyimi. Ila aliyeuchora alijiuliza maji yanaishia wapi? Yanaishia kijitoni, hatua kama mia juu ya pale tunapochota!

Masika yamefungua. Asubuhi nikashuka na ndoo. Maji rangi ya chai ya maziwa, juu yake mafuta yanametameta, na kwenye mizizi ya mkuyu zimenasa pampasi nne zimevimba kama mito ya kulalia. Nne, nimezihesabu. Mama mmoja akasogeza moja kwa kijiti, akachota. Afanyeje? Bomba linatoka siku mbili kwa wiki.

Mvua ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote, inazoa kila kilicholala chini tangu kiangazi: oili chafu ya gereji, matumbo ya kuku wa sokoni, mavi ya mbuzi. Zamani maji hayo yalipita kwenye mabingobingo, yakapunguza mwendo, mengine yakanywewa na ardhi. Sasa yamepewa zege, yanateleza moja kwa moja. Na mvua ikinyesha usiku, kuna nyumba zinatapisha vyoo humo humo mtaroni. Majirani zangu hao, tunasalimiana kila siku. Kipindupindu kikija tutaanza kuulizana kimetoka wapi.

Nikaenda ofisini. "Mradi ulishakabidhiwa." Nikarudi, nikaambiwa nilete maji kwenye chupa. Nikapeleka. Wiki ya pili chupa iko juu ya kabati, tope limetuama chini, juu maji meupe peee, na yule bwana ananionyesha eti "mbona safi?" Jamani! Vijidudu vinaonekana kwa macho? Lakini bila kujua kanisaidia: tope likipewa muda linatuama. Basi si wachimbe bwawa la kutuamishia kabla ya mto, waweke nondo mdomoni mwa mtaro zishike taka, na matete yaachwe yaote? Wanatugawia vidonge vya klorini, wakati klorini kwenye maji ya tope inapungua nguvu. Hata maelekezo yake yanasema uchuje kwanza.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazungumzia mita 60 kutoka mtoni. Hapa kwetu paosheo magari pako hatua kumi tu, na kila jioni panakatiwa risiti ya ushuru.

Ninyi wa Dar msicheke. Kijito hiki kinaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo mnayofunguliwa bombani.

Sasa swali langu, na tafadhali msilete siasa za vyama humu: kuna aliyewahi kuibana halmashauri mpaka mtaro uliokwisha kabidhiwa ukarekebishwa? Ulianzia wapi, diwani, bodi ya bonde la maji au NEMC, wale wa baraza la mazingira? Na barua ulimwandikia nani? Chupa yangu nimeichukua kabatini, ninayo hapa mezani.