Kanda za bibi yetu na kawa ambayo hakuimaliza

Mjukuu wa Bombo
Shikamooni wakubwa zangu. Bibi yetu mzaa mama, ambaye sisi Wanubi wa Bombo, Uganda, humwita habuba, alifariki mwezi uliopita, na hitima ya arobaini imekaribia. Alianza kuimba doluka, ngoma yetu Wanubi, katika harusi za kwetu kabla mama yangu hajazaliwa, na siku zisizo na harusi alikaa kizingitini akisuka tabaga, zile kawa za rangi za kufunikia chakula, huku akitufundisha wajukuu wimbo na msuko kwa pamoja; aliyekosea ubeti alifumuliwa mzunguko mzima. Ametuachia kaseti kumi na moja zenye sauti yake na tabaga moja iliyofika nusu. Mjomba anasema sauti ya marehemu isipigwe nyumbani, mama zangu wadogo wanataka isikike siku ile ile ya hitima, na binamu mmoja amejitolea kuimalizia tabaga ili itundikwe ukutani. Naomba ushauri wenu: kanda tuzifanyeje, na tabaga imaliziwe au iachwe?

Fundi Redio, Arua
Poleni sana kwa msiba. Kabla hamjabishana nani asikilize, ziokoeni kwanza. Vunjeni vile vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyo kwenye ukingo wa nyuma wa kila kaseti, kwa sababu mtoto akibonyeza kitufe cha kurekodi bahati mbaya, bibi atafutika. Kaseti yenye ukungu msiicheze kabisa mpaka isafishwe. Zile za dakika 90 zina utepe mwembamba kuliko za dakika 60 na hukatika upesi, kwa hiyo msizirudishe nyuma kwa kasi katika mashine kuukuu. Mkinakili, wekeni faili kubwa ya WAV, na ile ndogo ya MP3 iwe ya kutumiana kwa simu tu. Kisha kaeni na mama zenu wadogo wangali hai, mwandike kila wimbo uliimbwa harusi ya nani na waliokuwa wakiitikia ni akina nani, maana mashine haitawaambia hilo. Makerere wanayo hifadhi ya muziki yenye jina la Klaus Wachsmann, yule msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda aliyezunguka nchi akirekodi muziki. Familia ikiridhia, waulizeni kama watapokea nakala.

Mama wa Masaka
Mwanangu, hiyo tabaga iacheni. Marehemu mama yangu alikuwa akichora nakshi juu ya lubugo, lile gome la mutuba linalogongwa kwa nyundo za mti mpaka lilainike kama kitambaa, kazi ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005 ingawa majirani zetu waliiona ni nguo ya mazishi tu. Tulipokaribia okwabya olumbe, shughuli ya Waganda ya kumaliza msiba na kumsimika mrithi, dada yangu aliona aibu kumkabidhi mrithi kipande kisichokamilika, akakimalizia. Nakshi zake ni nzuri, lakini jicho langu kila mara huenda pale mkono mmoja ulipoishia na mwingine ukaanza, na sasa hata ile nusu ya mama siioni vizuri. Binamu yako asuke yake mwenyewe, kuanzia kitovu.

Mzee wa Kibuli
Hitima muiachie dua. Kanda zina siku yake, wanawake wa nyumba wakikusanyika wenyewe. Lakini mjomba wako umemuuliza anachohofia, au mmemjibu tu?

Mjukuu wa Bombo
Nawashukuru nyote. Mzee, kwa kweli hatukuwa tumemuuliza. Jana nilimpelekea chai nikamuuliza, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba kaseti mojawapo ni ya harusi yake, na marehemu mke wake anasikika akicheka pale habuba anapomtaja jina. Ameomba hiyo inakiliwe ya kwanza, na apewe yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.